Vyungu vya Namba Tisa

Siku ya ishirini na saba tangu tupande, niliinama mbele ya chungu cha kwanza cha Namba Tisa, nikasimamisha rula kwenye udongo na kusoma sentimita kumi na nane. Jirani yake, Namba Nane, ilikuwa na thelathini na moja na tayari ilishaanza kutoa vitumba vya maua. Nilipima tena, safari hii nikiupendelea mmea kidogo, nikapata kumi na nane na nusu. Nikaandika kumi na nane. Ile nusu ilikuwa yangu mimi, si ya mmea.

Kazi yangu, ukiniuliza, ni kuyanyima maharage maji kwa kipimo. Nipo kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, kwenye banda lenye paa la nailoni na kuta za wavu, ambamo mvua haiingii hata ikinyesha. Kila asubuhi nabeba chungu kimoja kimoja mpaka kwenye mizani, nasoma uzito, nahesabu maji yaliyopotea tangu jana. Vyungu vya maji vinarudishiwa yote. Vyungu vya kiu vinarudishiwa robo tu, kiasi cha mmea kutokufa na kutokufurahi. Mkuu wetu ni mtaalamu wa mimea, mwanamke mwembamba ambaye sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai, nasi akiwa mbali tunamwita Daktari Kiu.

Msimu ule tulikuwa na aina kumi na mbili za maharage, zikiitwa kwa namba tu, na mabanda mawili. Kila aina ilikuwa na vyungu sita katika kila banda, vitatu vya maji na vitatu vya kiu. Banda la Kwanza lilikuwa langu. La Pili lilikuwa la mwenzangu tuliyemwita Baridi, kwa sababu hata nyumba ikiungua yeye atauliza kwanza kama kuna mtu ameshapiga simu. Siku ya arobaini na tano tungehesabu maua na maganda, tung'oe kila kitu, tukikaushe kwenye tanuri na kukipima. Aina nne zilizovumilia kiu kuliko nyingine zingepelekwa kwenye mashamba ya kuzalishia mbegu, na aliyezileta angerudishiwa gunia zima. Nane zilizobaki zingekaa kwenye chupa ndani ya friji.

Namba Tisa ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Alikuja kwetu kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo zilikuwa zimefika miezi minane. Shamba lake lilikauka misimu mitatu mfululizo. Alikuja na begi moja na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo, zimefungwa kwenye kitambaa, zilikuwemo mbegu zote alizobakiza: maharage ya rangi ya maini yenye doa jeupe jichoni, aliyopewa na mama yake, ambayo hakuna jirani aliyekuwa nayo tena. Mume wangu ni dereva wa lori na nyumbani anapita kama mgeni, kwa hiyo tulibaki mimi na mama yake, vyumba viwili na jiko moja. Sitadanganya, nilitaka arudi kwake. Alipanga upya vyombo vyangu. Alinusa mchuzi wangu kabla ya kuuonja, halafu hakusema kitu, na huko kunyamaza ndiko kulikonichoma.

"Nitaondoka nikipata mbegu za kutosha," alikuwa akisema. "Kwangu sirudi mikono mitupu."

Basi mimi mwenyewe nikalibeba lile kopo hadi kwa Daktari Kiu, na mimi mwenyewe nikaapa moyoni kwamba Namba Tisa lazima ifaulu.

Siku niliyolipeleka, mama mkwe aliniita nyuma ya bafu, ambako boga lilikuwa limejiotea bila kualikwa. "Usiwaangalie kwa macho tu," aliniambia. Maharage yake huyaita watoto. "Mtoto mwenye homa si unamshika paji la uso? Jani likiwa na kiu nalo linapata joto. Mgongo wa kiganja, hivi." Akanishika mkono na kuupitisha juu ya jani la boga, polepole, kuanzia kwenye kikonyo hadi ukingoni. Miaka sita ya ndoa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono bila kunipa kitu cha kubeba.

Na alisema kweli. Ikifika saa nne asubuhi, jani la chungu cha kiu huwa na joto, na la chungu cha maji huwa baridi. Nikaifanya desturi. Nikimaliza kupima uzito, niliwarudia Namba Tisa peke yao, nikapitisha mgongo wa kiganja kwenye kila jani la kila mmea, juu na chini, vyungu vyote sita. Jioni kabla ya kufunga banda niliwapitia tena. Aina nyingine kumi na moja nilizibeba na kuzirudisha kama mizigo ya watu.

Sasa siku ya ishirini na saba ikanikuta na kumi na nane mkononi, na roho ikakaa juu juu.

Jioni ile mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni akichambua mchele. Hakuinua uso. "Watoto wanaendeleaje?"

"Wanaendelea," nilisema.

"Wamefika wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, na mkono wangu ukasimama juu ya goti, mahali ambapo hakuna harage langu hata moja lililofika. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kwake mvua zikibakiza mwezi hivi huwa anaanza kusafisha shamba, na kwamba ameshamtumia jirani ujumbe asimruhusu mbuzi wake kuingia mle. Nikaingia ndani nikawasha jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake.

Kuanzia hapo nikawa silali vizuri wala sili vizuri. Nilifika kazini kabla mlinzi hajanywa chai. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuwagusa: asubuhi, saa nne, saa nane, jioni. Niligeuza majani kutafuta wadudu. Nilipapasa mashina kutafuta vidonda. Mashina yalikuwa manene na magumu, afya tupu, ila hayapandi. Niliwasemesha pia, nikawaomba, kuna siku nikawatukana, na nikimaliza kutukana niliwapapasa tena kuwaomba radhi.

Siku ya thelathini na moja Daktari Kiu alipita na kikombe chake. Alisimama mbele ya Namba Tisa kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda mkubwa asimame mahali. Akachutama, akageuza jani moja kwa ncha ya kalamu, akalichungulia kwa chini, akaliachia.

"Hii inanitatiza," alisema. "Vyungu vya kiu vifupi, hilo naelewa. Lakini na vya maji navyo vifupi. Hiyo si kiu."

"Ni nini basi?"

"Sijui, Banda la Pili bado sijalipitia. Pengine ni mbegu iliyochoka." Alinywa funda moja, akakiweka kikombe juu ya meza yangu, akakisahau hapo.

Mbegu iliyochoka. Nilimwona mama mkwe akirudi kwake na kopo tupu, au, vibaya zaidi, asirudi kabisa, akazeekea kwenye ngazi ya jiko langu akichambua mchele wa dukani. Tena nikashangaa, kwa sababu kilichoniuma si kwamba angebaki kwangu. Kilichoniuma ni uso wake nitakapomwambia.

Siku ya thelathini na tatu mizani yangu iliisha betri. Kwa kawaida hatuingiliani mabanda, tusije tukahamisha wadudu, lakini niliosha viatu, nikabisha mlango wa Banda la Pili kuazima mizani ya Baridi. Alikuwa ndani, amebeba chungu kwa kukishika ukingo, mikono imenyooka mbele, shingo ameirudisha nyuma, kama mtu aliyetumwa kumwaga chombo cha mgonjwa. Nikacheka kidogo. Halafu nikaona kibao kwenye kile chungu.

Kilikuwa Namba Tisa, cha kiu. Mmea wake ulikuwa na urefu wa kufika gotini, na ulikuwa na maua manne.

Sikusalimu tena. "Unawapa maji," nilisema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Hicho ni cha kiu, na kina maua. Changu cha maji hakina hata kitumba. Unawapa maji kwa siri ili banda lako lionekane, nami nionekane sijui kazi."

Mtu mwingine angenirudishia maneno. Baridi aliweka chungu juu ya mizani, akasubiri namba zitulie, akaziandika, ndipo akanisogezea daftari lake. Nilisoma siku zote thelathini na tatu nikifuata kila mstari kwa kidole. Hesabu zake zilifuata kanuni ile ile, gramu kwa gramu. Vyungu vya kiu vilikuwa vimerudishiwa robo tu, kama vyangu. Mle bandani mlikuwa na joto lile lile, udongo ule ule, na mbegu za kopo lile lile.

"Labda upande wangu kuna kitu kwenye hewa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Namba Nane yako ikoje?"

"Nzuri."

"Namba Kumi?"

"Nzuri."

"Basi hewa haina shida." Alikuna kidevu. "Namba Tisa unawafanya nini ambacho wengine huwafanyi?"

Nikamwonyesha. Sikugusa mmea wake, nilipitisha tu mkono hewani, mgongo wa kiganja, kikonyo hadi ukingoni, nikamweleza habari ya homa na paji la uso. Nilieleza kwa fahari kidogo, naona aibu kusema. Baridi alinitazama, kisha akanyoosha kidole mlangoni, kwenye tangazo lenye mistari tisa ambalo liko pia kwenye mlango wangu na ambalo sijawahi kumwona mtu akifika mstari wa tatu. Mstari wa nne ulisema: Shika chungu, usishike mmea.

"Hiyo ni kwa ajili ya magonjwa," nilisema.

"Mimi sijui ni kwa ajili ya nini," alisema Baridi. "Mimi nimeambiwa nisishike, sishiki. Kamuulize Daktari."

Sikwenda siku hiyo. Nilirudi bandani kwangu nikakaa juu ya ndoo, mikono mapajani, nikiitazama kama si yangu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Nikinyamaza, Daktari Kiu atachanganya mabanda mawili, Namba Tisa itaangukia katikati, nafasi ya sita au ya saba, itaingia kwenye friji na hakuna atakayejua. Kazi yangu itabaki salama. Nikisema, naweza kupoteza kazi, na pengine mbegu isipone hata hivyo. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilifunga banda bila kuwagusa, na mikono iliniwasha njia nzima.

Kesho yake nilimkuta Daktari Kiu ofisini. "Kuna mtu aliniuliza," nilianza, "kama mmea ukiguswa guswa kila siku, unaweza kudhurika?"

Aliacha kuandika. "Mtu huyo ana banda?"

Nikawa mpole kama maji ya mtungi. Nilimweleza yote, pamoja na boga, pamoja na matusi. Hakunikatiza.

"Mmea hauna macho," alisema nilipomaliza. "Ukiupapasa kila siku, wenyewe unahisi uko kwenye upepo mkali, au kuna wanyama wanapita wakiukanyaga. Unajihami. Unaacha kurefuka, unanenepesha shina, maua unayachelewesha mpaka hatari ipite. Kwako hatari haikupita hata siku moja. Na maharage ni katika mimea inayohisi zaidi."

"Kwa hiyo si mbegu iliyochoka."

"Banda la Pili linasema ni mbegu nzuri sana. Ingeweza kuwa ya pili." Alivua miwani, akaiweka chini. "Lakini siwezi kuipitisha kwa banda moja. Utaratibu ni mabanda mawili. Nitaifuta kwenye orodha ya msimu huu, na wewe nitakuandikia onyo. Utatoka bandani. Utachekecha udongo na kuosha vyungu huko nje mpaka nikuambie."

"Na mbegu?"

"Kwenye chupa zimebaki sitini na mbili. Wiki mbili zijazo naanza mzunguko mwingine. Napanda tano kila chungu nabakiza mmoja, kwa hiyo nahitaji sitini. Mwenyewe akikubali, nitairudia. Akikataa, nampa chupa yake akapande, mvua ziko karibu." Akavaa miwani. "Vile vyungu sita vyako havina kazi tena. Viondoe."

Niliviondoa. Nilivipanga kwenye beseni kubwa, nikavibeba hadi nyumbani nikiwa nimeshika ukingo wa beseni tu, shingo nyuma, kama Baridi.

Mama mkwe alikuwa kwenye ngazi. Niliweka beseni miguuni pake. Alivitambua mara moja, akavitazama vile vishina vifupi vinene, halafu akanitazama mimi, na sikuwa na pa kuuficha uso.

"Nilikudanganya, mama," nilisema. "Hawakufika gotini. Hawajafika popote."

Nikamweleza. Nilisimama wakati wote, kwa sababu nilihisi nikikaa nitalia, na kulia nikalia hivyo hivyo nimesimama. Nilimwambia habari ya orodha, ya onyo, ya mbegu sitini na mbili, na kwamba zikipandwa bandani na zikashindwa, atakuwa hana kitu zaidi ya vile vilema sita kwenye beseni, ambavyo vikibahatika vitatoa maganda mawili matatu. Nilimwambia pia kwamba anaweza kuichukua chupa kesho na kwenda kwake.

Alinyoosha mkono kuelekea jani la karibu, mgongo wa kiganja mbele, kisha mkono ukasimama njiani. Akaurudisha mapajani.

"Mimi nikipita shambani huwa nagusa mmoja hapa, mmoja kule," alisema. "Wewe uligusa wote?"

"Wote."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Asubuhi na jioni. Mwishoni mara nne."

"Hata mimi sikuwahi kuwapenda hivyo," alisema, na mdomo wake ukacheza, sikujua kama ni kwa kicheko au kwa kitu kingine. Alijifuta macho kwa upindo wa nguo. Akanisogezea nafasi kwenye ngazi, nikakaa.

Tulikaa hapo mpaka jua likashuka. Kisha akasema, "Mwaka juzi nilipanda vikombe vitano nikavuna kimoja. Mwaka jana sikuvuna. Hizo sitini nikizipeleka kule sasa zitakufa zote, na hakuna atakayejua zimekufa kwa nini. Huko kwenu wakifa, angalau kuna mtu ataandika." Akachukua sinia lake la mchele. "Mwambie Daktari apande. Na zile mbili za juu aniletee. Ila wewe, mwanangu, usiingie humo."

"Nimeshafukuzwa humo, mama."

"Vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza aliniomba nimpishe jikoni tu, akapika yeye.

Zilipandwa. Baridi alipewa mabanda yote mawili. Mvua zikaja huku nje zikatupiga, zikanyesha wiki moja zikakatika, na mama mkwe akaambiwa kwa simu kwamba waliopanda kule kwake wanatazama mahindi yakijikunja majani. Alisikiliza, akashukuru, akarudi kwenye ngazi. Mimi nilichekecha udongo nje ya wavu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa nje, kijani kilionekana lakini huwezi kusema ni cha nani. Kila asubuhi Baridi akifika kwenye Namba Tisa ya kiu alinigeukia na kutikisa kichwa, hakuna ua bado, kisha akaendelea na kazi yake. Siku ya ishirini na tisa hakuna. Ya thelathini hakuna. Ya thelathini na moja nilichekecha udongo ule ule mara mbili bila kujua. Nilijikuta nahesabu siku za Baridi za mzunguko wa kwanza, kwamba kwake maua yalitoka lini, sikuwahi kumuuliza, na sasa niliogopa kumuuliza.

Siku ya thelathini na mbili alisimama muda mrefu mbele ya kile chungu. Aliinama, mikono ameiweka mgongoni. Kisha akanigeukia na, bila kubadilisha uso hata kidogo, akanyoosha kidole kimoja.

Nikatupa chekeche. Nilipiga simu nyumbani nikiwa nimeshikilia wavu kwa mkono wa pili, na simu ikapokelewa kabla haijaita mara mbili.

"Uko wapi?" aliuliza mama mkwe, kabla ya salamu.

"Niko nje, mama."

"Nje kabisa?"

"Nje kabisa. Limetoka moja."

Nilisikia jogoo wa jirani, na sufuria ikichemka bila mtu wa kuitazama.

"Na hawa wa kwenye beseni leo wamefungua mawili," alisema. "Niko nao hapa tangu asubuhi."

"Mama, mikono yako iko wapi?"

"Nimeikalia," alisema.